Mabawa ya Kuku wa Mitole

Ninyi mnaoifanya kazi niliyoiacha mwezi uliopita mmeniomba niandike ninayoyakumbuka, na mmoja wenu akaongeza kwamba niandike mafanikio. Mafanikio yaulizeni ofisini. Mimi nitaandika kuhusu kutilia shaka, maana hiyo ndiyo kazi niliyolipwa kuifanya kwa miaka mingi, na kuhusu mara moja ambapo nilimtilia shaka mtu asiyestahili nikamwacha aliyestahili.

Kabla ya kuja kwenye kampuni nilikuwa afisa mifugo wa kata, nikizunguka na kijisanduku cha barafu kuchanja kuku wa watu dhidi ya kideri. Kampuni ilikuwa ndiyo kwanza inafungua mgahawa wa Lindi mjini, baada ya ule wa Kilwa Masoko, na ilikuwa imeahidiana na washirika wake kwamba kuku na mayai yake yote yatatoka kwa wafugaji wanaowatunza wanyama inavyotakiwa: nafasi ya kutosha bandani, maji muda wote, hewa safi, wasiteswe wakibebwa, wasiteswe wakichinjwa. Yote hayo yaliandikwa katika kijitabu kilichotafsiriwa na mtu ambaye sidhani aliwahi kushika kuku. Ukurasa wa nne ulisema kuku apewe fursa ya kuonyesha tabia zake za asili. Mfugaji mmoja wa Mitwero aliniuliza kama tabia hizo ni pamoja na kuingia jikoni kwa jirani.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Mzee Kiyumbo, Mmatumbi wa milima ya Kilwa, mrefu, asiyesema sana, ambaye alikuwa amekagua machinjio ya serikali kwa muda mrefu kabla ya kampuni kumchukua. Alibeba kijiti cha mwanzi, daftari na kalamu mbili. Alinipeleka Mitwero kwenye banda la mfugaji mmoja aliyetupokea kwa bashasha. Banda lilipendeza. Maranda ya mbao yalikuwa meupe, kuku wametulia, madirisha ya waya yako wazi. Nilisimama mlangoni nikaandika "safi".

Mzee Kiyumbo aliniuliza nimeandika nini. Nikamwonyesha.

"Futa," alisema. "Piga magoti kwanza."

Nilipiga magoti na sketi yangu mpya. Pale chini harufu kali ya kinyesi cha kuku ilinichoma macho mpaka machozi yakatoka. Akaniambia kuwa kuku anavuta hewa ya hapo nilipo sasa, si ya kule juu nilikokuwa nimesimama. Kisha akachomeka kijiti chake kwenye maranda. Juu palikuwa pakavu, na chini ya unene wa vidole viwili palikuwa tope. Maranda mapya yalikuwa yamemwagwa asubuhi ile juu ya ya zamani, kama mtu anayejipaka manukato bila kuoga. Mfugaji alikuwa amesimama nyuma yetu, na bashasha yake ilikuwa imekwisha.

Nilijifunza kwake kwa miaka mitatu. Alinifundisha kumgeuza kuku nitazame nyayo, kwa sababu banda husafishwa kwa saa moja lakini kidonda cha unyayo huchukua wiki kupona. Alinifundisha kuhesabu magunia matupu ya chakula nyuma ya nyumba, na kwa njia hiyo tuligundua mfugaji aliyekuwa na magunia mengi kuliko ambayo kuku wake wangemaliza. Kumbe alikuwa na banda la pili kwa shemeji yake, lenye giza, kuku wamebanana hawawezi kukunjua bawa, na lile tulilokuwa tukionyeshwa lilikuwa la wageni, kama sebule. Alinifundisha kwamba damu iliyovilia chini ya ngozi ina saa yake. Ikiwa nyekundu, kuku ameumia muda si mrefu. Ikiwa ya zambarau, ameumia saa kadhaa zilizopita. Ikigeuka kijani, ni jana au juzi. Na alikuwa na usemi wake mmoja nilioushika kuliko yote: usimwamini anayekupa chai kabla ya kukupa funguo.

Bi Mwanaidi wa Mitole alinipa chai kabla ya funguo.

Alikuwa mjane, amenizidi kama miaka kumi, mwenye shamba la ufuta na mihogo na banda moja refu la kuku wa nyama alilolijenga baada ya kujiunga na kikundi cha wafugaji. Mara ya kwanza nilikwenda bila taarifa, na nilipofika chai ilikuwa imeshaiva. Mara ya pili nikabadilisha siku na saa, chai ikawa tayari tena. Banda lake lilikuwa zuri mno. Nilichimba maranda, makavu mpaka chini. Niligeuza kuku, nyayo safi. Nilipiga magoti, nikavuta hewa, sikupata kosa. Mfugaji asiye na kosa lolote ni mfugaji anayepashwa habari, nikajisemea, na nikaanza kumshuku dereva wangu. Nikaenda siku nyingine kwa bodaboda. Chai ilikuwa tayari. Nilikuja kujua muda mrefu baadaye kwamba chai ile ilikuwa ya mama mkwe wake, mgonjwa wa ndani, ambaye alitaka kinywaji cha moto kila baada ya muda mfupi. Ningemuuliza siku ya kwanza ningejua siku ya kwanza. Lakini mkaguzi aliyezoea kunusa husahau kuuliza.

Kampuni ilipoongeza migahawa, tulijenga machinjio yetu wenyewe nje kidogo ya mji wa Lindi. Mzee Kiyumbo, kwa sababu ya umri wake, alitolewa kwenye kukagua mabanda akapewa kusimamia upakiaji. Kazi yake ikawa kwenda na lori hadi kwa mfugaji, kuangalia kuku wanavyokamatwa na kupangwa kwenye matenga ya plastiki, na kutia sahihi kwenye fomu. Mabanda nikaachiwa mimi.

Mchinjaji wetu alikuwa Ustadhi Bakari, mtu taratibu, aliyenoa kisu chake chumba cha pili ili mnyama asikione, na hilo alilifanya toka utotoni, kijitabu kilikuwa hakijazaliwa. Asubuhi moja alituma mtu aniite. Matenga ya Mitole yalikuwa sakafuni. Alikuwa ameweka kuku kadhaa pembeni. Wengine mabawa yalining'inia, na wanne hawakuwa hai.

"Hawa wanne siwezi," alisema. "Wamekufa njiani. Nikiwapitishia kisu nitakuwa nawalisha watu mzoga, Bi Somoe. Na hawa wenye mabawa yaliyovunjika nitawachinja, ila mtu fulani ana jambo la kujibu."

Wiki iliyofuata ilikuwa vilevile, na ile ya tatu mbaya zaidi. Tulipowanyonyoa, damu ilikuwa imevilia mapajani na chini ya mabawa, nyekundu na zambarau.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokosea, na nilikosea nikiwa na kila kitu mkononi. Rangi zile zilisema kuku wameumia siku ileile. Fomu ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilihusu banda, na hiyo niliijaza mimi. Ya pili ilihusu upakiaji, na ilisema kila wiki, kwa mwandiko uleule, kwamba kuku walikamatwa na kupangwa kwa kufuata kijitabu. Chini yake palikuwa na sahihi ya Mzee Kiyumbo. Kwa hiyo upakiaji nikauondoa kwenye hesabu, kama mtu anavyomwondoa baba yake kwenye orodha ya wezi. Alibaki Bi Mwanaidi. Nikajiambia kwamba siku ya lori anawakimbiza kuku mapema ili awakusanye upande mmoja, anawapiga, anawaangusha, na sisi tunafika amekwisha kuwaumiza. Banda safi na chai ya moto vyote vikapata maana. Mtu mwenye shaka nyingi hakosi maelezo.

Nilimuuliza Mzee Kiyumbo kabla ya kuandika. Nilimweleza nilichofikiri. Alisema niandike nilichokiona. Nilichukulia kuwa amekubali.

Niliandika kwamba mfugaji wa Mitole asimamishwe, na meneja akamsimamisha siku hiyohiyo. Bi Mwanaidi alinipigia simu jioni. Hakupandisha sauti.

"Dada Somoe, kuku wangu umewashika kwa mikono yako wiki jana. Ni bawa gani lilikuwa limevunjika?"

Nilimjibu kwamba malalamiko yote yaletwe kwa maandishi. Hilo ndilo jibu nililompa mwanamke aliyekuwa na banda lililojaa kuku waliokwisha kukomaa, wanaokula kila siku, na mnunuzi wake wa pekee amefunga mlango. Nilisikia baadaye kwamba aliwauza mmojammoja barabarani pale Nangurukuru, amekaa na tenga juani, mpaka wakaisha au wakafa. Habari ikaenea kikundini kwamba Bi Mwanaidi anatesa wanyama. Kwa watu wanaomjua Mungu hilo si neno dogo. Kuna mwanakikundi aliyeacha kumwazima majembe.

Lori likaanza kuchukua kuku kwa mfugaji mwingine, upande huohuo wa Kilwa. Wiki mbili kuku walikuja salama, kwa sababu walikuwa wachache na matenga yalitosha. Wiki ya tatu tuliongeza idadi. Ustadhi Bakari aliniita tena. Alinyoosha kidole tu. Mabawa yalining'inia.

Nilikwenda ofisini nikatoa fomu zote nikazipanga mezani. Wafugaji walikuwa wawili, na mabanda mawili, na vijiji viwili. Kitu kimoja tu kilikuwa kilekile kwenye karatasi zote. Niliitazama sahihi ile kwa muda mrefu, na nakiri kwamba jambo la kwanza nililolifikiria ni kutafuta maelezo mengine.

Sikumwambia mtu. Usiku wa kuamkia siku ya lori nililala Kilwa Masoko kwa binamu yangu, na alfajiri nikachukua bodaboda hadi kwa yule mfugaji. Jua lilikuwa limetoka nilipofika. Kelele za kuku nilizisikia kabla sijashuka. Wapakiaji wetu walikuwa wakitoka bandani na kuku watano katika kila mkono, kila kuku ameshikwa mguu mmoja, vichwa chini, wakiwarusha kwenye matenga kama watu wanaopakia nazi. Tenga la kuku kumi liliingizwa kuku kumi na sita, kisha mpakiaji akalifunga kwa kulikandamiza kwa goti. Niliona mfuniko ukishuka juu ya bawa lililokuwa limejitokeza nje. Nilisikia bawa lile. Walikuwa wameagizwa na mtu wa ofisini wamalize kwa safari moja badala ya mbili, na wao walifanya hivyo.

Mzee Kiyumbo sikumwona. Nilimkuta amekaa ndani ya lori, dirisha limefungwa, fomu iko mapajani, imeshajazwa yote. Nikafungua mlango nikamwamkia.

"Marahaba," alisema. "Nani?"

Nilikuwa nimesimama hatua moja kutoka kwake, na jua liko usoni mwangu.

"Ni Somoe, mzee."

Nilimwomba anisomee mstari wa kwanza wa fomu. Aliinua karatasi, akaigeuza upande wa mwanga, akaisogeza karibu, kisha akairudisha mapajani polepole.

"Dereva ndiye hunisomea na kunijazia," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu masika ya mwaka jana. Ni mtoto wa jicho, yote mawili."

Nilihisi nafuu kubwa, na aibu juu ya nafuu hiyo. Nikamuuliza, "Kwa hiyo hukujua wanavyowabeba?"

Angesema hakujua, ningemwamini, na nadhani alijua kwamba ningemwamini. Alikaa akipapasa ukingo wa karatasi.

"Nilikuwa nasikia," alisema. "Kuku akishikwa vizuri hulalamika kidogo halafu hutulia. Hawa hawakutulia. Nilikuwa nafunga dirisha."

Sikumuuliza habari za Bi Mwanaidi. Hakukuwa na haja. Alikuwa amenisikiliza siku ile nikimweleza shaka zangu, akajua ninakokwenda, akaniambia niandike nilichokiona. Angesema neno moja, angelazimika kusema na la pili, kwamba haoni, na mkaguzi asiyeona anarudi nyumbani. Nilimsaidia kushuka kwenye lori. Tulisimama pamoja nikiwaamuru wapakiaji watoe kuku wote waanze upya, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Niliandika ripoti ya pili. Meneja aliisoma akaniomba nibadilishe. Washirika wangeisoma, alisema, na haifai wasome kwamba msimamizi wetu alikuwa kipofu na ofisi iliagiza matenga yajazwe. Tuseme kulikuwa na dosari za upakiaji ambazo zimerekebishwa. Mzee Kiyumbo angestaafu kwa sababu za kiafya, na kampuni ingemsaidia matibabu. Nikamuuliza kuhusu Bi Mwanaidi. Alisema akitaka anaweza kuomba upya kama mfugaji mwingine yeyote.

Nilibadilisha. Sitawaambia kwamba nililazimishwa, kwa sababu kalamu niliishika mimi. Nilikuwa nawaza macho ya Mzee Kiyumbo, na nilikuwa nawaza kazi yangu pia, na sikumbuki kipi kilitangulia.

Mzee alipasuliwa, akapata kuona kwa jicho moja. Tulionana misibani na harusini, tukasalimiana, akaniuliza hali ya watoto. Siku ile hatukuizungumza tena mpaka alipofariki. Bado namwita mwalimu wangu. Nikipiga magoti bandani ni sauti yake ninayoisikia, na sijapata namna ya kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Kwenda Mitole nilichelewa mwezi mzima. Nilipofika, banda refu lilikuwa limejaa miganda ya ufuta hadi darini. Bi Mwanaidi alikuwa amekaa kwenye mkeka nje, anamenya mihogo. Nilimwambia shikamoo.

"Kaa," alisema.

Shikamoo yangu ilibaki hewani. Wanaotoka kwetu wanajua uzito wake. Mtu mzima anaweza kukunyima chakula, lakini marahaba hainyimwi hivihivi. Nilikaa nikamweleza yote, kuanzia matenga hadi fomu hadi lori na dirisha lililofungwa. Nilimwambia kwamba kuku wake walitoka kwake wazima na tuliwavunja sisi. Nilimwambia naomba radhi. Aliendelea kumenya mpaka nikamaliza, akaweka kisu chini.

"Uliponifunga ulinifunga kwa karatasi," alisema. "Kunifungua umekuja na mdomo."

Niliinamisha kichwa.

"Huna daftari humo kwenye mkoba?"

Nilikuwa nalo. Akanisogezea kigoda niandikie juu yake. Niliandika barua, nikaiandika vizuri kwa jinsi nilivyozoea, nikampa. Aliisoma midomo ikicheza, akarudia, kisha akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umesema 'ilionekana kwamba mfugaji alisababisha'. Ilionekana na nani?"

"Na mimi, dada."

"Basi uandike."

Nilifuta, nikaandika kwamba mimi, mkaguzi, niliona vibaya, na kwamba sikuuliza. Akasema niongeze kuwa nyayo zilikuwa safi kila nilipokuja. Nikaongeza. Akasema nitaje matenga na watu waliojaza matenga. Hapo mkono wangu ulisita, na aliuona ukisita, akaniacha niamue. Niliandika. Nilitia sahihi, na jina langu kamili chini yake.

Aliikunja ile karatasi mara mbili, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Marahaba," alisema.

Barua hiyo ilinakiliwa Nangurukuru. Nakala moja ilisomwa kwenye kikao cha kikundi, nyingine ilipelekwa ofisi ya kijiji, na ya tatu ikafika mezani kwa meneja wetu, ambaye aliniita, akaniuliza kama nina kichaa, akanipa onyo kali kwa maandishi. Lakini barua ikishasomwa kijijini haiwezi kurudishwa mfukoni. Baada ya vikao vingi wapakiaji wakafundishwa kumshika kuku kwa mikono miwili, mabawa yamebanwa mwilini, mmoja tu kwa safari moja. Matenga yakahesabiwa. Na sehemu ya pili ya fomu ikawekewa nafasi ya sahihi nyingine, ya mfugaji, asiyeweka sahihi mpaka aone lori limepangwa. Ninyi mnaojaza fomu hiyo sasa kwenye simu mnalalamika kwamba wafugaji wanawachelewesha kwa kuhesabu tenga baada ya tenga. Waacheni wahesabu. Hawatuamini, na wana sababu.

Bi Mwanaidi hakuomba upya. Nilimpelekea ujumbe kwa watu wawili kwamba nafasi ipo, hakujibu. Msimu wa ufuta ukapita, mvua zikaja zikaisha. Nikawa nimeshazoea kupita njia panda ya Mitole bila kugeuza shingo. Kisha mchana mmoja, nikiwa machinjio, simu yangu ikaita, na ilikuwa sauti yake. Hakuuliza habari za watu wala za safari.

"Vifaranga wameingia leo," alisema. "Njoo siku unayotaka. Usiniambie."